Yule Bibi wa Kitabuni

...na hapo ndipo mwandishi huyu anaponishinda, kwa sababu anajua kuandika, huyu wa tatu anajua, siyo kama yule wa kwanza ambaye alikuwa na jambo zuri kabisa mkononi, mtu anayekodisha kivuli chake kwa matajiri wa mjini mpaka mkewe anaanza kumsahau, halafu akaliharibu kwa kukimbilia mwisho, kurasa mbili tu na watu wamekufa na polisi wamefika, unafunga kitabu unajiona umepunjwa, wala siyo kama yule wa pili, wa ziwa lililokauka, watu wanatoka Mwanza wanatembea kwa miguu hadi Sengerema juu ya tope lililopasuka na meli zimelala ubavu kama ng'ombe wafu, hicho nilikipenda, nilikililia hata, lakini nilipokimaliza nilishuka mjini nikalikuta ziwa lipo palepale linanuka sangara, basi, hofu ikaisha, ila hiki cha sasa hakiishi ukikifunga, hiki kinatoka nje na wewe... "Umenyamaza, mayu," anasema shangazi Kashindye, mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo anavyoniita, vidole vyake vinaendelea kuchambua choroko kwenye ungo, "au umefika pagumu?" Hapana, shangazi, nameza mate tu, nasema, na kidole gumba changu kimebana ukurasa kana kwamba utaruka, jua la alasiri limefika kwenye kizingiti, ua mzima kimya, siku za nyuma saa hizi wanawake wa Buswelu wangekuwa wamepita hapa kuomba moto, kuomba chumvi, kukaa wasikilize na wao, maana tangu kiwanda cha nguo kitupunguze kazi sina la kufanya mchana ila kukodi vitabu kwa Shaibu kule sokoni na kumsomea shangazi ambaye shule hakuiona, naye husikiliza amefumba macho halafu anabishana na waandishi, yule wa kivuli alisema ni mjinga, mtu huanza kuuza ng'ombe, kivuli baadaye, na lile ziwa akasema ziwa halikauki hivihivi, lazima yupo aliyelinywa, mwandishi amemficha, na nikaona kweli, amemficha, lakini kwa hiki cha tatu habishani, anasema haya, endelea, haya, endelea, tangu sura ya kwanza, bibi mwenye macho mekundu anakaa mwisho wa kijiji na watoto wanaanza kupata homa, na mimi, Mungu wangu, nilisisimka kwa raha, nilimwambia Shaibu huyu ndiye mwandishi sasa, niliwasifia kitabu kina mama bombani, kikazunguka mtaa mzima kabla hakijanirudia, mke wa jirani yetu Chenge alikisoma akiwa amempakata mtoto, na wiki iliyopita mtoto wa Chenge akashikwa na homa, homa ya kweli, wakamkimbiza hospitali, akafa, na pale msibani shangazi alipoinama kumpa pole mama mtu, Chenge alimtazama akasema, siyo kwa sauti kubwa, "Macho kama ya yule wa kitabuni," mtu mmoja akacheka, kisha hakuna aliyecheka tena, na tangu siku ile bombani hakuna anayempa shikamoo. Jana mjumbe wetu Yeremia kanivuta pembeni, "Mpeleke kijijini kwa muda, Odeta, watu wana uchungu," kijijini wapi, mzee Yeremia, kijijini ndiko alikokimbia, dada yake walimkata mapanga kulekule kwa macho mekundu kama haya, wakamwita mchawi, akiwa anaota moto, akaja kwangu na kibuyu na kanga mbili, akasema mjini ni salama, mjini watu wamesoma... wamesoma, ndiyo, wamesoma, mimi ndiye niliyewapa cha kusoma, na macho yale ni moshi, miaka yote ile ya kupikia mavi ya ng'ombe makavu kwenye nyumba isiyo na dirisha, kuni zimekwisha, miti imekwisha, mimi nimekulia katika moshi ule, mgongoni mwake, na kitabu kizima hiki hakina moshi hata mmoja, nimetafuta, nimerudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, mwandishi ameweka macho, moshi hakuuweka, nani alimpikia bibi yule, alipikia nini, hasemi, hilo ndilo kosa lake na hakuna atakayeliona kwa sababu ameandika vizuri mno, ameandika vizuri kiasi kwamba sasa hivi shangazi alipoinua uso kuniuliza kama nimefika pagumu mimi nilirudi nyuma, kidogo tu, mgongo ulirudi wenyewe, mimi, na sijui kama ameona...

"Soma pale wanapokuja," anasema. Wanakuja akina nani, shangazi? "Hadithi kama hiyo, mayu, si lazima waje?" anapuliza makapi, yanapeperuka kuelekea uani kwa Chenge, natamani yangeanguka upande huu, na mimi natazama mistari, mapanga yapo, yamepangwa vizuri, yanang'aa, nami nasoma nisichokiona, nasema walikuja, wakapiga hodi, bibi akawakaribisha, akawapa uji, wakaona haya wakarudi makwao, sauti yangu nyembamba kama ya mtoto anayesomeshwa na mwalimu mkali, shangazi anasikiliza, safari hii hakufumba macho, ananitazama, mekundu, ni moshi, Odeta, ni moshi tu, "Uji," anasema, "vizuri," kisha, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua, "mimi nataka kujua moja tu, mlango nani aliwafungulia?" na jibu lipo, lipo chini ya kidole changu kabisa, mtoto wa kaka yake aliyekuwa akiishi naye, ndiye aliyefungua, hakuwa mbaya, mwandishi ameeleza vizuri, alikuwa anaogopa tu, na nakumbuka nilipolisoma peke yangu mara ya kwanza nililikubali, nilisema hapo mwandishi amepatia, binadamu ndivyo tulivyo... komeo lilikuwa bovu, shangazi, nasema. Anatikisa kichwa, anarudi kwenye choroko zake, anatoa kijiwe, anakitupa. "Basi, afadhali," anasema, "letu ni zima," na mimi naitika, ndiyo, shangazi, ni zima, ni jipya, ni la chuma, na mimi ndiye ninayelala karibu nalo.