Sentensi Iliyorukwa

Alipostaafu kazi ya upigaji chapa, mama mmoja aliona siku zimekuwa ndefu kuliko alivyozizoea. Binti yake akamwambia, "Mama, utapanga kabati hilo mpaka lini? Kituo cha wasioona wanatafuta watu wa kuwasomea barua."

Akaenda, akajitolea. Wiki ya kwanza tu wakambandika jina, Mama Taipu, kwa sababu kila alipowaza, vidole vyake viligonga meza kama anayepiga chapa. Wao walivisikia. Yeye mwenyewe hakuwahi kujua.

Aliyemsomea zaidi alikuwa fundi viti, mwanamume wa makamo aliyepoteza macho ukubwani. Alisuka viti kwa kamba na hakukosea tundu hata moja. "Ninyi wenye macho," alipenda kusema, "mnakaa tu. Hamjui mmekalia nini."

Jumanne moja fundi akaletewa barua kutoka kwa mdogo wake. Mama Taipu akasoma salamu, akasoma habari za watoto, kisha akafika penye maneno haya: *Dada hali yake si nzuri. Daktari ametuambia tujiandae.* Alijua dada huyo ndiye aliyemlea fundi tangu mama yao alipofariki. Akairuka mistari hiyo, akaendelea na salamu za shemeji.

Mikono ya fundi ikasimama juu ya kamba.

"Hapo mbona umenyamaza?"

"Natafuta miwani."

"Miwani umeshaivaa, dada. Nilisikia ukiifungua."

"Basi ni mwandiko tu, haueleweki."

Fundi hakubisha. Alirudi kwenye kiti chake, akavuta kamba.

Siku mbili Mama Taipu hakupata raha. Alhamisi asubuhi akarudi kituoni, akakaa mbele ya fundi na kumwambia alichofanya, bila kujitetea.

Fundi aliiweka kamba magotini.

"Barua ile ilikuja kwako au kwangu?"

"Kwako, kaka."

"Basi na uchungu wake ni wangu. Macho yalikwenda, lakini kifua bado ninacho. Haya, soma. Usiache hata nukta."

Akaisoma yote. Alipomaliza, fundi akakunja kamba zake na kuuliza kama angeweza kumsindikiza kwa dada yake. Walipofika stendi, Mama Taipu akamshika mkono na kumsukuma mbele kuelekea mlango wa basi.

"Mimi si toroli," fundi akasema taratibu. "Tangulia wewe, nipe kiwiko chako."

Walifika jioni. Mdogo mtu akawapokea mlangoni, akasema dada amepoteza sauti tangu jana. Mpaka juzi alikuwa akizungumza vizuri, akimuulizia fundi. Mama Taipu akahesabu: juzi ilikuwa Jumanne. Fundi akapelekwa ndani. Aliketi kando ya kitanda, akautafuta mkono wa dada yake, akaupata.

"Mama Taipu, nieleze anavyoonekana. Kama alivyo."

"Amekonda sana. Mifupa ya mashavu imetokeza. Nywele wamemsuka vizuri. Midomo imekauka."

"Macho?"

"Yako wazi. Anakutazama wewe, hapepesi."

Fundi akainamisha kichwa. "Ananiminya vidole," akasema.

Alikaa hapo siku sita, hadi dada alipokata roho.

Aliporudi kazini, barua za pole zilimiminika, na Mama Taipu akazisoma moja baada ya nyingine. Ya shangazi yao ilikuwa fupi. Macho yake yakatangulia mstari wa pili, na safari hii hakusimama:

"*Dada yako alikuita kwa kinywa chake na wewe ukachelewa. Wewe siku zote unajijali mwenyewe.*"

Kwenye meza ya pili mtu alikuwa akipiga msasa mguu wa kiti.

"Shangazi yetu huyo hajawahi kuwa na ulimi wa asali," fundi akasema hatimaye. "Tutamjibu. Chukua kalamu."

"Niandike kwamba kosa lilikuwa langu?"

Fundi alipapasa kiti alichokuwa anakisuka, akahesabu matundu kwa kidole gumba.

"Utaandika," akasema. "Lakini anza na salamu. Ni mtu mzima yule."