Mshipa Ulionuna

Usiku wa jana niliota niko ndani ya shingo ya mume wangu, na nimevaa viatu.

"Vua," chembe ya kutu ikaniambia. "Huu ni mshipa wa watu."

Nikavua. Zilikuwa chembe nyingi, ndogo kuliko vumbi la bizari, kila moja imevaa koti la sukari.

"Hospitali ndiyo iliyowatuma?" nikauliza.

"Bado. Kwa sasa tuko kwenye kichupa hospitalini, tunamsubiri aje achomwe sindano. Hapa tumekuja kuangalia njia tu."

Nikazieleza kwamba haji. Wiki iliyopita Baba Tunu alianguka bafuni, akasema ni sabuni. Sabuni ile naijua mimi, haina ugomvi na mtu.

"Hujambo?" chembe inausalimu mshipa.

"Sijambo," mshipa unajibu, na huku ukuta umevimba, mwekundu, umenuna.

"Ndivyo unavyozijibu picha zote za hospitali," chembe inaninong'oneza. "Zinauliza kama njia iko wazi. Iko wazi kweli. Uvimbe umejificha ndani ya ukuta."

Ghafla tuko ndani ya ukuta, nao ni sebule. Walinzi wa mwili wamekaa mkekani, wanene, wanakula mafuta kwa sinia. Waliitwa kuamua ugomvi, wakanogewa na chakula.

"Karibuni," wanasema, na wanaanza kuzila chembe.

"Mnaliwa!" napiga kelele.

"Ndiyo kazi yetu, mama. Tukishakuwa matumboni mwao, picha itaonyesha weusi pale walipo. Daktari atajua pa kutibu."

"Na asipokuja?"

"Ukuta utapasuka, njia itaziba."

Niliogopa, sifichi. Miaka thelathini na moja nalala kando ya shingo hii, sijawahi kuijulia hali. Nikaweka kiganja ukutani.

"Mimi mke wa mwenyewe. Usinijibu kiungwana. Hujambo?"

Mshipa ukasema, "Naumwa, Mama Tunu. Tangu mwaka juzi."

"Pole," nikasema, nikalia mpaka nikaamka.

Kumekucha. Kwenye foronya, chini ya sikio la Baba Tunu, ilikuwapo punje moja ya kutu. Nikaiokota, nikairamba. Tamu.

Akafumbua macho.

"Umeamkaje?" nikauliza.

"Salama."

"Sijakuuliza wewe, Baba Tunu," nikamwambia. "Vaa viatu twende."