Mnyama Aliyebaki Kwenye Chumba cha Vitabu

Mwaka wa 1967 chama chetu cha kununua mashamba kilinunua shamba la mzungu kando ya Kimumu, tukagawana nyumba yake familia nane. Mimi na binti yangu Hulda, aliyekuwa mjamzito, tulipewa chumba cha vitabu. Kizungu sijui, lakini karatasi za vitabu alivyoacha zilikuwa kavu sana. Kila asubuhi nilichana moja nikawashia moto, wala sikuona haya.

Wangila, karani wa chama, alinikuta nikichana. "Ai, Mama Hulda, hata picha huangalii?"

Akanionyesha mnyama kama panya, mkia umenona. Akanisomea: anaishi jangwa la Australia, mchana hujificha kwenye nyufa za ardhi, maji huyapata kwa wadudu anaowala, na njaa ikija hutumia mafuta ya mkia. Mtoto wake huzaliwa kama punje ya mchele, kipofu, bila manyoya. Hutambaa mwenyewe hadi mfuko ulio tumboni mwa mama, amalizie kukua humo.

"Wazungu wana uongo," nikasema. Lakini picha ile niliiangalia mpaka chai ikapoa.

Agosti, Hulda alijifungua miezi miwili kabla ya wakati. Mvua ilikuwa imekata barabara, hata trekta haikupita. Mtoto alikuwa baridi, mwepesi kama kifaranga cha bata mzinga, midomo ya buluu. Majirani walishaanza kutafuta shuka la kumfunika. Mimi nikamkumbuka yule mnyama. Nikamlaza mtoto kifuani pa Hulda, ngozi kwa ngozi, nikawafunga pamoja kwa leso na blanketi.

Tukangoja. Midomo ikarudiwa na rangi, kisha ikaanza kutafuta titi. Mungu alikuwa amemfundisha mnyama wa mchangani, na sisi tulio na mikono hatukujua!

Nikamwita Wangila. "Tafuta kwa kitabu. Mtoto wa yule mnyama anakaa kwa mfuko siku ngapi?"

Akafungua, akapekua mbele na nyuma. "Mama, page inayofuata uliwashia moto."

Nililia kwa kujikasirikia mwenyewe. Basi, kwa kuwa hatukujua siku, hatukumtoa. Tulipokezana, kifua changu na cha Hulda, wiki baada ya wiki.

Desemba tulipiga kura ya kugawana mashamba. Nilikuwa nimembeba mjukuu wangu ndani ya sweta yangu, ingawa sasa alikuwa amenona na watu walinicheka. Wangila akaita jina langu, akanyoosha karatasi yenye namba ya shamba. Kabla sijaipokea, mkono mdogo ulitoka kwenye kola ya sweta ukaishika.