Msimamizi Aliyebaki Karakanani

Katika karakana ya kushona sare, msimamizi wa zamani alibandikwa jina la Kimyakimya. Hakugombeza mtu. Alikuja tu akasimama nyuma ya kiti chako mpaka mshono ukaenda upogo, na kesho yake cherehani yako ilikuwa na mtu mwingine. Moyo wake uliposimama ghafla, mafundi walikwenda kumzika, wakarudi kazini wakionea aibu wepesi waliousikia vifuani.

Wepesi wenyewe haukukaa. Msimamizi mpya, mama mmoja mcheshi, alisalimia meza moja moja, akafungua madirisha. "Anayetaka kwenda chooni aende," alisema. "Mimi sikuajiriwa kulinda choo."

Hakuna aliyeinuka. Fundi wa vifungo ndiye aliyezidiwa na hofu. Kila ikifika saa nne asubuhi, saa ya Kimyakimya kupita, shingo yake iliingiwa na baridi, na kugeuka hakuthubutu.

Asubuhi moja, saa hiyohiyo, sindano ikampenya kidole. Alikifunga kitambaa akaendelea kushona, mpaka yule mama alipoona damu kwenye mashati.

"Mwanangu, mbona hukusema?"

"Samahani, mama. Yuko nyuma yangu."

Mama hakumcheka. Alimsafisha kidonda, akazima mashine zote, akavuta kiti akaketi katikati yao. "Haya, nielezeni. Alikuwaje huyu mtu?"

Mpiga pasi, mkongwe kuliko wote pale, akafungua kinywa. "Siku mume wangu alipofariki, habari ilinikuta hapa. Nilipiga pasi mpaka jioni. Niliogopa kuomba ruhusa."

Baada yake wakasema wengine, mmoja mmoja, baadhi wakilia. Mchana walisogeza meza wenyewe, kila mtu akaupa ukuta mgongo.

Baridi haikuisha. Hata sasa humjia fundi wa vifungo, ukuta au si ukuta. Ila siku hizi humnong'oneza jirani yake, "Leo amekuja," na jirani huacha kazi akamshika mkono mpaka ipite.

Mwezi uliofuata mjomba wa fundi huyo alimpigia simu: nafasi ya kazi aliyomwomba zamani amtafutie katika kiwanda kingine imepatikana.

Fundi alisita. "Niache kwanza, mjomba. Hapa bado pananitisha, lakini siku hizi naulizwa nimeamkaje."