Mchawi wa Eustadia na Mizinga Sitini

Jamani, hii mtanibishia, ila ilitokea kweli. Kwihara, Jumamosi, saa kumi jioni, chaji ya simu asilimia arobaini na moja.

Eustadia alikuwa amekaa juu ya ndoo anatengeneza mchawi. Ni gemu ya simu: kabla hujaanza unapewa pointi kumi, unamchagulia mchawi wako sifa za kuzaliwa nazo. Alishaweka akili nne na moto tatu. Ndevu zilikuwa za bure, akaweka. Zikabaki pointi tatu.

Pembeni yake, Bundala, mtoto wa mjomba wake, alikuwa ametia mkono kwenye mzinga wa nyuki, anacheka. Yeye nyuki hawamchomi. Kwa hiyo babu yao, Babu Lugembe, alishatangaza: leo anamrithisha Bundala mizinga yake yote sitini. Aliyewasha moshi, akachuja asali na kubeba ndoo miaka sita, mpaka kuchomwa kwenye kope, ni Eustadia. Alimwonea wivu Bundala.

"Mke wangu, mbona umenuna?" babu akamtania.

"Sijanuna, babu. Nacheza gemu."

"Muache," Bundala akasema. "Nyuki wenyewe hawamtaki, sembuse wachumba."

Eustadia akashuka chini kwenye orodha. Sifa ya mwisho: Nyuki hawamchomi, pointi tatu. Chini yake imeandikwa: Inatumiwa na Bundala wa Kwihara. Ni mtani wako. Umnyang'anye?

Huko mtoto wa mjomba ni mtani wako, na mtani akikuchukulia hata jogoo, unacheka, basi. Eustadia akabonyeza ndiyo.

Nyuki wakamchoma Bundala mara kumi na tisa. Hakukasirika, haruhusiwi. "Binamu, hapa umeniweza," akasema, jicho moja limeshavimba.

Eustadia naye akatia mkono. Wakamchoma. Ndipo akakumbuka kwamba sifa alimpa mchawi.

Mchawi akatokea nyuma ya jiko, joho la bluu, ndevu mpaka kifuani. Akatia mkono mzingani hadi kwapani, akatoa sega zima.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe wa kwa nani?"

"Natoka kwenye simu ya Eustadia."

"Kumbe wa hapa hapa." Babu akamrithisha mizinga yote sitini.

"Na mimi, babu?"

"Utamwashia moshi, mke wangu."

"Kwani wasingenichoma, ungenipa?"

Babu akafikiria vizuri, kwa upole. "Hapana. Ungewasha moshi bila kuumia."

Siku hizi mchawi anarina asali, anakula sahani mbili za ugali, na wanakijiji wanamwita mzee. Bundala anambebea ndoo. Eustadia anapuliza moshi na kumwonea wivu, hasa zile akili nne, maana alimchagulia mwenyewe. Kwenye simu kuna kitufe cha kumfuta. Akimfuta, sifa inarudi kwa Bundala, na mizinga pia.

Kidole kiko juu ya kitufe tangu juzi. Ungekuwa wewe, ungebonyeza?