Donda Halijui Talaka

Akufaaye kwa dhiki si rafiki. Wanaosema vingine hawajawahi kukaa eda chumba kimoja na mke mpya wa mume aliyewaacha. Mwanatabu alikaa, na aliyemchemshia maji ya kuoshea donda kila alfajiri alikuwa huyo huyo mke mpya, Kadzo, ambaye kama si haya angalimmwagia maji yenyewe usoni.

Mambo yalianza na mguu. Mwaka wa pili tangu vita kwisha, Mwanatabu alijikwaruza muundi kwa kipande cha bati pale uani, akapuuza. Kikwaruzo kikawa kidonda, kidonda kikawa donda ndugu, lile linalokula nyama polepole na kunuka kama samaki wa juzi. Mumewe, Ishaka, alikuwa msimamizi wa wapagazi katika kampuni moja ya maghala hapo Changamwe. Kampuni ilimpa chumba katika landi, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, na pamoja na chumba ikampa kibati chenye nambari ya mlango. Yeyote wa jamaa yake aliyekaa nyuma ya mlango ule alikuwa na haki ya kutibiwa bure na dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati ya kampuni, mradi aonyeshe kibati.

Lakini kibati kilikaa mfukoni mwa Ishaka. "Sitaki mguu wa mke wangu ushikwe na dresa," alisema. "Tia majani. Utapona inshallah."

Mwanatabu alitia majani, akatia majivu, akatia alichoambiwa na kila mpita njia. Hata siku moja, wanaume wamekaa barazani wanakunywa kahawa, akatoka akichechemea, akasimama mbele yao.

"Jamani, nanyi mna pua," akasema. "Mwambieni mwenzenu. Mkewe aoza, naye avuta hewa tu."

Watu walicheka. Walipoona Ishaka hacheki, wakavitazama vikombe vyao. Jioni ile ile akampa talaka moja, naye Mwanatabu akafunga mkeka wake, akaenda Miritini kwa shangazi yake, Mwanarehema. Hazikupita siku nyingi Ishaka akaoa binti kutoka Likoni, na kile kibati kilichokuwa kizito kutoka mfukoni kikahamia kwenye pindo la leso ya Kadzo bila hata kuombwa.

Huko Miritini mguu ulizidi. Mwanatabu alijikokota mpaka zahanati ya kampuni, akamkuta dresa, bwana mmoja wa Kigiriama aitwaye Garama. Garama alilitazama donda, akaliosha, akalinyunyizia unga mweupe, akalifunga kitambaa safi.

"Leo nimekutibu kwa huruma, mama," akamwambia. "Kesho nitaulizwa kibati. Hili lataka kuoshwa na kutiwa unga kila siku mpaka lizibe. Likifika mfupani, mguu utakatwa, na hapo si mimi tena."

"Basi nitibiwe wapi kwingine?"

"Hospitali ya serikali, kisiwani. Utaweza kwenda na kurudi kila siku kwa mguu huu?"

Kufika pale tu kulimpotezea asubuhi nzima.

Shangazi Mwanarehema alikuwa akipepeta mchele aliposikia habari hizo. "Basi olewa na huyo dresa," akasema.

"Ana mke, na ni Mkristo."

"Kampuni haina dresa peke yake. Tafuta hata mpagazi. Tafuta hata bawabu, wewe si mbaya ukikaa kitako."

"Nina eda, shangazi. Nani aniposa?"

"Ndiyo, una eda." Mkono wa Mwanarehema ukasita juu ya ungo. "Na eda yenyewe, kwa nini waikalia kwangu?"

Swali hilo likawapeleka mpaka kwa Mwalimu Babu, aliyesomesha chuoni karibu na msikiti. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mwanangu, mwenye eda ana haki ya chakula, nguo na makazi. Dawa haimo. Wanavyuoni wetu hawakumlazimisha mume ujira wa tabibu, hata kwa mke aliye ndoani."

"Sikuja kwa ajili ya dawa, Mwalimu," Mwanatabu akasema. "Nimekuja kwa ajili ya makazi. Chumba kile, ndicho makazi yangu au sicho?"

Ndevu za Mwalimu zikaanza kutikisika kwa kicheko alichojaribu kukimeza. "Ndicho. Talaka moja ni ya rejea, mume aweza kumrudia mke kabla eda haijaisha, na mwenye rejea hatolewi nyumbani kwake mpaka eda iishe. Ni nyinyi mnaokimbilia kwenu kwa hasira, mkaiacha haki mlangoni. Na kwa kuwa mke mwingine yumo, hamtakuwa faragha. Mwambie nimesema mimi."

Mwanatabu alirudi Changamwe na mkeka wake kichwani. Landi nzima ilitoka kumtazama. Wanawake walisema amekuja kuomba kurudiwa; wanaume walisema Ishaka ni dume kweli. Ishaka mwenyewe akaelezwa neno la Mwalimu Babu. Kumkatalia Mwalimu mbele ya majirani hakuweza. Akafunga kamba katikati ya chumba, akatundika shuka, akasema, "Haya. Upande wako ule."

Ikawa hivyo. Upande huu Mwanatabu na mguu wake, upande ule arusi mpya na udi wake, na donda likiushinda udi.

Siku ya tatu Kadzo alifunua shuka.

"Mimi sikupendi," akasema.

"Najua."

"Sijakuja kukuonea huruma. Nataka kulala bila kusikia harufu hii, na nataka chumba changu. Utaondoka lini?"

"Eda ikiisha. Au mguu ukipona. Nikipona leo, hata jioni hii waweza kunibebea mkeka."

Kadzo alifikiri. Akafungua pindo la leso, akatoa kibati, akakitupa kwenye mkeka. "Basi pona upesi. Maji nitachemsha mimi, wewe ukichemsha wamwaga nusu uani kwa kuchechemea."

Kila asubuhi Mwanatabu akaenda zahanati, akaonyesha kibati, akakaa foleni. Garama aliitazama nambari, akamtazama yeye, akasema tu, "Naona mama amerudi nyumbani." Akaosha, akatia unga, akafunga. Miezi ya eda ilikuwa mirefu kama safari ya mgonjwa. Kuamka kulimchosha, kusemwa kulimchosha, na kumsikia mtu aliyekuwa mumewe akicheka nyuma ya shuka kulimchosha kuliko yote. Lakini nyama nyekundu ilianza kuota pembeni mwa donda, likapungua, likawa kama kiganja cha mtoto, kisha kama kifungo cha kanzu.

"Siku chache tu zaidi," Garama alimwambia. "Usiliache sasa. Hili ni nduli, likipata uchafu hurudi na hasira."

Siku chache hizo hakuwa nazo. Eda ilikuwa inaisha kesho.

Ishaka naye alikuwa akihesabu. Alasiri ile alimwita barazani, wale wale wanywa kahawa wakiwa wamekaa.

"Mwanatabu."

"Abee."

"Kesho watoka kwangu. Mimi si mtu mbaya, watu wote mashahidi. Nitakurejea, ukae, utumie kibati mpaka upone na hata baadaye. Nataka neno moja tu. Siku ile ulinivunjia heshima mbele ya hawa. Leo, mbele ya hawa hawa, niombe radhi."

Mwanatabu aliegemea mwimo wa mlango. Mguu ulikuwa ukimfukuta. Nyuma yake alisikia leso ikichakacha, kisha sauti ya Kadzo, ya chini, ya mtu anayesema asilolitaka.

"Muombe. Mimi nitalia kidogo, yatapita. Mguu ukikatwa hauoti."

Mwanatabu aligeuka akamtazama. Kwa miezi yote ile hakuna aliyempa kitu kikubwa kama hicho. Akauchukua mkono wa Kadzo, akaufungua, akakiweka kibati kiganjani, akavifunga vidole vyake juu yake.

Kisha akawaelekea wanaume.

"Bwana Ishaka, neno lako nimelisikia. Nimechoka sana, kwa hiyo sitasema mengi. Nilisema mkeo aoza nawe wavuta hewa. Siku ile ilikuwa kweli. Kibati ulikuwa nacho, na dresa alikuwa hapo, mwendo wa kutupa jiwe."

"Nimekwambia uombe radhi, sikukwambia unihutubie."

"Kesho nitatoka. Mguu ukipona, wangu. Ukikatwa, wangu. Radhi siombi."