Firigisi la Papa Marcellin

"Kitu kikishaingia mkononi mwangu, hata malaika hakichomoi." Glody alilipenda neno hilo kuliko Baba Yetu. Alilisema kinyozini Malvern, huko Johannesburg, alilisema kanisani baada ya kwaya, na Jumapili ya pili ya Novemba akamwambia Papa Marcellin mwenyewe, fundi cherehani wa Jules Street, baba wa Héritière, msichana ambaye Glody alitaka kumwoa hata jana kama ingewezekana.

Papa akamtazama juu ya miwani. "Tutaona."

Walikuwa wameketi mkekani, wao watatu, katika kituo cha mazingira kilicho kilimani nyuma ya Bertrams, ambako Glody ni mlinzi. Siku hiyo hakuwa zamuni. Alikuwa mwenyeji. Papa alikuwa amekuja kula kuku, na akishiba vizuri angetaja siku ya kupokea posa.

Sasa, kuku wa posa si mchezo. Kwao Uvira unaweza kuunguza mapaja ukasamehewa, unaweza kuzidisha chumvi ukachekwa yakaisha. Lakini mgeni wa heshima akifunua bakuli asikute firigisi lake, umemwambia mbele ya watu kwamba yeye si kitu. Glody alilijua hilo tangu ananyonya. Firigisi alilikaanga mwenyewe, akaliweka juu kabisa, linang'aa kama kiatu cha mchungaji.

Papa akafumba macho kuombea chakula. Papa Marcellin haombi kwa mkato. Alianzia Uvira, nyumba kwa nyumba, akawapitia wagonjwa, wajane, na mbuzi wa shemeji yake, akashuka Kigoma, akapanda basi, na alipokuwa anakaribia mpaka wa Zambia kitu kikavuma sikioni mwa Glody, kucha zikapita mbele ya pua yake, na firigisi likawa halipo.

"Amina," akasema Papa, akafumbua macho.

Akaona bakuli. Akaona mahali firigisi lilipokuwa. Akaona vidole vya Glody vinameremeta mafuta.

"Mwewe, Papa. Mwewe amelichukua."

Papa akatazama juu. Mbingu ilikuwa safi kama shuka la hospitali.

"Mwewe," akasema taratibu. "Ameacha mapaja, ameacha kidari, amechagua firigisi. Huyo mwewe amelelewa vizuri. Anajua mila."

Héritière alianza kucheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza.

"Siku huyo ndege wako atakapokuja kuniomba radhi," Papa akasema akisimama, "ndiyo siku tutakayozungumza habari ya posa." Akanawa mikono isiyokula, akamchukua binti yake, akaondoka.

Tangu hapo Glody akawa na adui mwenye mabawa.

Adui huyo alikuwa na anwani. Kiota chake kilikuwa juu ya mkaratusi ulio nyuma ya ukumbi: vijiti, matambara, na kipande cha nywele bandia kilichookotwa sijui saluni gani. Ndani yake makinda mawili, ndiyo kwanza yameanguliwa. Aliyewajua zaidi ni Mama Emérite, Mrundi mwembamba aliyekabidhiwa kazi ya kuwaangalia. Kila siku, hata Jumapili, aliketi na darubini shingoni na daftari mapajani, akiandika kila kitu: saa, upepo, nani ameleta nini na nani amekula.

"Wanashuka kutoka kaskazini kila Agosti," aliwaambia wanafunzi waliokuja kutembea.

"Bila viza," Glody alidakia. "Wakifika wanaiba. Halafu tunasemwa sisi."

Angeweza kukiangusha kile kiota siku ileile. Ngazi ilikuwepo, hasira ilikuwepo. Lakini kisasi cha haraka ni kama ugali wa haraka, ndani unabaki mbichi. *Mimi amenipokonya nikiwa mlangoni mwa ndoa,* aliwaza. *Na yeye nitampokonya mlangoni.* Amwache abebe panya wiki sita. Amwache alishe, afunike, akeshe. Kisha siku kinda la kwanza litakaposimama kwenye tawi, likiwa limebakiza kuruka tu, atalitungua, mama yake akiona. Akatengeneza manati kwa mpira wa baiskeli, akaificha ndani ya koti la kazi, upande wa moyo.

Basi akawa mwanafunzi bora wa mwewe Johannesburg nzima.

"Mama Emérite, manyoya bado?"

"Bado ni yale meupe ya kitoto. Kumbe umewapenda hivi?"

"Kupita kiasi, Mama."

Alimwona baba mtu akileta panya, njiwa, siku moja kipande cha soseji ya poloni cha watu, na mama akivichana vidogo vidogo kama mtu anayelisha mgonjwa. Desemba ikaleta mvua ya mawe, ile ya kutoboa vioo vya magari. Wageni wote walikimbilia ukumbini. Mwewe jike akatandaza mabawa juu ya makinda, mawe yakimpiga mgongoni, pa, pa, pa. Glody alisimama dirishani pa kibanda cha ulinzi akimhimiza kwa sauti ya chini. "Vumilia, mama. Vumilia hivyohivyo. Asife hata mmoja. Nawataka wote."

Jumamosi ya mwisho kabla ya Noeli, Mama Emérite akatangaza kwamba kinda kubwa linaruka leo au kesho. Glody akampigia simu Héritière.

"Mlete Papa. Mwambie aje amwone mshitakiwa kwa macho yake."

Héritière alimbembeleza baba yake kuanzia chai mpaka saa nne, na Papa akaja, si kwa kuamini, kwa kuchoka. Akaketi kwenye benchi chini ya mkaratusi, mikono juu ya fimbo.

Hakungoja sana. Mwanafunzi mmoja aliyekuja na darasa lake alikuwa anatoa mkate kwenye karatasi, hata hajauma. Kivuli kikapita nyasini. Mwewe akashuka, mkia wenye panda umekunjuka, akauchukua mkate mkononi mwa mtoto kama mtu anayepokea chenji, akapaa nao kiotani.

Papa Marcellin akasimama.

"Héritière. Umeona?"

"Nimeona, Papa."

"Glody, mwanangu." Neno hilo alikuwa hajawahi kumwita. "Nilikukosea. Nilikuita mwongo mbele ya binti yangu. Walete wazee wako wiki ijayo."

Hapo mtu mwenye akili angesema asante, angenunua soda, angekwenda nyumbani. Lakini kinda lilikuwa limetoka kiotani. Lilisimama kwenye tawi, linapepesuka, linapiga mabawa, na mama yake yuko juu yake analiita. Wiki sita Glody alikuwa ameota picha hiyo. Akatoa manati.

"Papa, nipe dakika moja nimalize kesi."

"Glody, hapana," Héritière akasema.

Mama Emérite hakupiga kelele. Alilamba kidole, akafunua kurasa nyuma. "Glody, teremsha hicho. Au nisome."

"Usome nini, Mama?"

"Jumapili ya pili ya Novemba."

"Soma tu." Mpira ulikuwa umeshavutika mpaka shavuni. "Soma kwa sauti Papa asikie mwewe alivyoniibia."

Mama Emérite akasoma kama anavyowasomea wanafunzi. "Saa saba na dakika kumi na mbili. Upepo wa kaskazini. Watu watatu mkekani, wawili wamefumba macho. Mlinzi anatoa firigisi kwenye bakuli, anauma nusu. Mwewe jike anashuka, anampokonya nusu iliyobaki mdomoni."

Mpira ukalegea. Kijiwe kikaanguka kwenye kiatu cha Glody. Juu yao kinda likajirusha, likazama, likakamata upepo, likapita juu ya paa la ukumbi, na Mama Emérite peke yake ndiye aliyelitazama. Akaangalia saa, akaandika.

"Wiki zote hizi umenyamaza," Glody akasema.

"Hili ni daftari la ndege. Habari za walinzi hakuna aliyeniuliza."

"Papa," Glody akasema, "nilikuwa naonja chumvi."

Papa Marcellin akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati bila haraka, akaivaa tena. Akamnyooshea Mama Emérite mkono.

"Nipe nisome mwenyewe."